Nafasi ya Asiyepewa Nafasi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Brooklyn Park, Minnesota. Naiweka yote kwa ajili ya waliokuwa kazini.

Wazee wangu, shikamooni. Mababa na mamama mliotoka Kivu na Tanganyika, ndugu zangu wa Kisii na Nakuru, wa Kigoma na Dar es Salaam, na nyinyi vijana mliozaliwa hapahapa Minnesota, karibuni. Najua wapo humu waliotoka zamu ya usiku asubuhi hii na hawajafumba macho. Asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie swali moja. Mtu asiye na fedha, asiye na jina, ambaye magazeti yakimtaja yanamtaja mwisho kabisa, je, anaweza kushinda uchaguzi wa jimbo zima? Siulizi kuhusu udiwani. Siulizi kuhusu bodi ya shule. Nauliza kuhusu jimbo zima: kaunti 87, kuanzia mashamba ya mahindi ya kusini hadi migodi ya chuma ya kaskazini karibu na mpaka wa Kanada.

Jibu lenu nalijua. Nalisikia kila msimu wa uchaguzi, saluni, kwenye maegesho ya kanisa, kwenye makundi ya WhatsApp. "Yule hana nafasi." Na mtu akishasema hivyo, siku ya kura anabaki nyumbani, maana amekwisha kujipa ruhusa.

Sasa nawauliza. Nafasi hiyo ilipimwa na nani? Ilipimwa kwa kipimo gani? Na wewe ulikuwa ndani ya kipimo hicho, au uliachwa nje?

Nitajibu kwa historia ya jimbo letu wenyewe. Watu wa Minnesota, ndani ya miaka minane, waliwachagua watu wawili ambao hakuna aliyewapa nafasi. Na kwa sadfa ya ajabu, wote wawili waliwahi kuwa wanamieleka.

Wa kwanza ni Paul Wellstone.

Mwaka 1990 Wellstone alikuwa mwalimu wa sayansi ya siasa katika Chuo cha Carleton, kule Northfield. Mtu mfupi, mwenye maneno ya kasi, mtoto wa mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki. Alikuwa amekwisha kugombea mara moja, mwaka 1982, nafasi ya mkaguzi wa hesabu za jimbo, na akashindwa. Safari hii alitaka kiti cha Seneti ya Marekani. Aliyekikalia ni Rudy Boschwitz wa chama cha Republican, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye kila nyumba yenye televisheni ilimjua. Fedha? Kwa kila dola moja ya Wellstone, Boschwitz alitumia karibu dola saba.

Saba kwa moja, ndugu zangu. Ungeulizwa wakati ule, ungesemaje?

Lakini tazameni alikotoka mtu huyu. Miaka ya themanini, wakulima wa Minnesota walipokuwa wakinyang'anywa mashamba na benki, Wellstone alisimama nao. Wafanyakazi wa kiwanda cha nyama cha Hormel, mjini Austin, walipogoma mwaka 1985 na 1986, alikuwa nao. Hakuna kamera iliyomfuata siku hizo. Hakuna mtafiti wa maoni aliyemwandika popote. Ila mkulima aliyesimamiwa siku benki inapiga mnada trekta lake hahitaji tangazo la televisheni ili amkumbuke mtu.

Kwa hiyo mwaka 1990 watu wale walikwenda kwenye mikutano ya kata ya chama cha Democratic, ambacho hapa kwetu kinaitwa DFL. Mnaijua mikutano hiyo? Hufanyika majira ya baridi, usiku, barafu imejaa nje. Unaingia kwenye mkahawa wa shule ya msingi, viti ni vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Kila kata inapewa meza au chumba chake. Mara nyingi watu ni wachache kiasi kwamba familia moja kubwa ya Kikongo, nasema baba, mama na watoto waliotimiza umri, ingeweza kuchagua wajumbe wote wa meza ile. Wajumbe hao wanakwenda ngazi ya juu, na wengine wanafika mpaka mkutano mkuu wa jimbo. Humo ndimo Wellstone alimopata uteuzi wa chama, na kisha katika mchujo akamshinda Jim Nichols, aliyekuwa kamishna wa kilimo wa jimbo.

Baada ya hapo ndipo likaja lile basi. Basi kuukuu la shule, limepakwa rangi ya kijani, linaharibika njiani. Alizunguka nalo jimbo lote. Na kwa kuwa hakuwa na fedha za matangazo marefu, alitengeneza tangazo moja akijieleza kwa mbio, maneno yakifukuzana, akiwaambia watu kwamba muda wenyewe ni ghali na yeye hana fedha. Tangazo jingine lilimwonyesha akizunguka kumtafuta Boschwitz ili wafanye mdahalo. Hilo alilipia mara chache tu. Lakini vituo vya habari vililipenda, vikalirudia bure.

Siku chache kabla ya kura, wafuasi wa Boschwitz walituma barua kwa jamii ya Wayahudi, wakisema kwamba Wellstone hakuwalea watoto wake katika dini yao. Boschwitz naye ni Myahudi, mzaliwa wa Berlin ambaye familia yake iliwakimbia Wanazi. Barua ile ilichukiza watu wengi, hata waliokuwa hawajaamua bado.

Na sitawaficha: bahati nayo ilikuwepo. Mgombea ugavana wa chama cha Boschwitz, Jon Grunseth, alijitoa kwa kashfa mwishoni mwa Oktoba, na chama kikaingia kwenye kura kikiwa kimevurugika. Lakini bahati ile ingemfaa nini mtu ambaye hakuwepo? Ilimkuta Wellstone yuko barabarani, ana watu wake kila mji.

Wellstone alipata asilimia 50.4. Boschwitz 47.8. Tofauti haikufika kura elfu 48. Mwaka ule, nchi nzima, alikuwa mgombea pekee aliyemwangusha seneta aliyekuwa madarakani.

Sasa nakuja kwa wa pili, na huyu ni wa mji wetu. Jesse Ventura alikuwa meya wa hapa, Brooklyn Park, kuanzia 1991 hadi 1995. Wangapi mlikuwa mnajua? Mnaona mikono ilivyo michache.

Ventura alikuwa mwanamaji wa kikosi maalumu wakati wa vita vya Vietnam, kisha mwanamieleka wa kulipwa, kisha mtangazaji wa redio. Mwaka 1998 aligombea ugavana kwa chama kidogo cha Reform. Mbele yake walikuwa vigogo wawili. Norm Coleman wa Republican, meya wa St. Paul. Na Skip Humphrey wa DFL, mwanasheria mkuu wa jimbo, mtoto wa Hubert Humphrey, aliyekuwa makamu wa rais wa nchi hii. Jina la Humphrey limeandikwa kwenye majengo. Ventura aliandikwa wapi? Kwenye mabango ya mieleka.

Septemba, tafiti za maoni zilimpa karibu asilimia 10. Wachambuzi wakasema huyu ni wa kutuchangamsha. Humphrey mwenyewe alisisitiza Ventura aingizwe kwenye midahalo, kwa hesabu kwamba angempunguzia Coleman kura. Basi akaingizwa, na wananchi wakamwona amesimama katikati ya wanasiasa wawili, akijibu kwa lugha ya jikoni, na pale asipojua akisema hajui. Oktoba akavuka 20. Bado wakasema: hana nafasi.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha niliyokuja kusema.

Mtafiti wa maoni anafanyaje kazi? Anapiga simu. Anauliza: umejiandikisha? Ulipiga kura safari iliyopita? Una hakika utapiga safari hii? Ukijibu hapana, hapana, sijui, mara nyingi jibu lako linapunguzwa uzito au linawekwa kando, kwa kuwa anatafuta yule ambaye bila shaka atakwenda kituoni. Hafanyi hila, ndiyo kazi yake. Lakini fikirini: anayempima mgombea anampima kwa watu waliozoea kupiga kura. Kijana wa miaka 19 hayumo. Fundi aliyekata tamaa na siasa miaka kumi iliyopita hayumo. Raia aliyekula kiapo mwezi jana hayumo. Wazee wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mgombea mnyonge mara nyingi watu wake ni hao hao wasiokuwepo.

Minnesota ina sheria ambayo majimbo mengi hayana. Tangu mwaka 1974 unaweza kujiandikisha siku ileile ya kura, kituoni, na ukapiga kura papo hapo. Tarehe 3 Novemba 1998, watu zaidi ya laki tatu walifanya hivyo. Zaidi ya laki tatu! Foleni zilikuwa ndefu, na ndani yake walikuwemo vijana wengi ambao hawakuwahi kushika karatasi ya kura. Hesabu ya mwisho: Ventura 773,713, Coleman 717,350, Humphrey 587,528. Kura elfu 56 hivi ndizo zilizomtenganisha na aliyemfuata. Sisemi kwamba wote wa laki tatu walimpigia yeye. Lakini katika majimbo ambayo daftari hufungwa wiki nne kabla, wengi wao wasingekuwa na pa kusimama, na sijui nani angeapishwa Januari ile.

Kuna mtu wa tatu katika hadithi hii. Yeye hakuwahi kushinda uchaguzi wowote wa jimbo, nami namheshimu kuliko mnavyodhani.

Anaitwa Dean Barkley, mwanasheria, wa chama kilekile kilichokuja kumsimamisha Ventura. Aligombea Baraza la Wawakilishi mwaka 1992, akashindwa. Aligombea Seneti mwaka 1994, akashindwa, akapata kama asilimia 5. Akagombea tena 1996, akashindwa tena, akapata kama 7. Mtu wa namna hiyo, mtaani kwetu tungemwitaje? Tungemcheka. Tungesema anapoteza muda na fedha za watoto wake.

Sasa sikilizeni. Kwa sheria za Minnesota wakati ule, chama ambacho mgombea wake wa jimbo zima alipata asilimia 5 kilihesabiwa kuwa chama kikubwa. Chama kikubwa kilikuwa na nafasi ya uhakika kwenye karatasi ya kura. Mgombea wake aliweza kupata ruzuku ya serikali kwa ajili ya kampeni. Ile asilimia 5 ya Barkley ya mwaka 1994, kura za watu walioambiwa wanazitupa, ndiyo iliyomfungulia Ventura mlango mwaka 1998. Ventura alilazimika kukopa kwa dhamana ya ruzuku hiyo, na benki hazikukimbilia kumkopesha, lakini bila ile asilimia 5 asingekuwa na dhamana ya kwenda nayo benki. Na mwenyekiti wa kampeni ya Ventura alikuwa nani? Dean Barkley.

Hayo hayakuishia hapo. Tarehe 25 Oktoba 2002, siku kumi na moja kabla ya uchaguzi, ndege ndogo iliyombeba Seneta Wellstone ilianguka karibu na Eveleth, kaskazini. Alikufa yeye, mkewe Sheila, binti yao Marcia, na wengine watano. Wiki mbili tu kabla, akiwa katika kampeni ngumu, alikuwa amepiga kura ya kukataa vita vya Iraq, akijua inaweza kumgharimu kiti. Jimbo zima lililia. Gavana alikuwa Ventura, na gavana ndiye anayejaza kiti kilichoachwa wazi. Akamteua Barkley. Yule mtu wa asilimia 5 akaapishwa kuwa seneta wa Marekani, akamalizia wiki za mwisho za muhula wa Wellstone.

Ndugu zangu, mtu akikwambia kura ya mgombea anayeshindwa ni kura iliyotupwa, mwambie habari za Barkley. Kura ile ilihesabiwa, ikaandikwa, ikakaa ikisubiri.

Kila nikisema haya hakosi mtu wa kuniambia habari za mwana wa Kogelo. Vizuri, tumseme. Kwetu tunapenda kuanzia mwisho, na ngoma za Kisumu. Mimi naanzia mwaka 2000, Chicago, Barack Obama alipogombea ubunge dhidi ya Bobby Rush na kuangushwa vibaya, Rush akipata kura mara mbili yake. Miaka minne baadaye akaingia mchujo wa Seneti wa jimbo zima la Illinois, wagombea saba, mmoja wao tajiri, Blair Hull, aliyemwaga zaidi ya dola milioni 28 za mfukoni mwake. Obama alipata karibu asilimia 53 peke yake. Hull hakufika 11. Kura za kushindwa za mwaka 2000 zilimfundisha asiishie kwenye mtaa wa Hyde Park, atoke aende mpaka miji midogo ya kusini mwa Illinois.

Lakini nisipowaambia na upande wa pili nitakuwa nimewalaghai. Wanyonge wengi hushindwa. Mwaka 2002 Ventura hakugombea tena, na chama chake kikamsimamisha Tim Penny, aliyekuwa mbunge kule Washington, mtu mwenye heshima na uzoefu. Wakati mmoja tafiti zilimweka karibu sawa na wakubwa wawili. Siku ya kura alipata asilimia 16. Ventura alipimwa chini akapata juu, Penny alipimwa juu akapata chini. Watu waliosema wanampenda Penny walikuwa haohao waliozoea kupiga kura, na walipofika kituoni walirudi kwenye vyama vyao. Waliojitokeza kwa ajili ya Ventura hawakujitokeza kwa ajili yake. Mimi najifunza hivi: mnyonge akitegemea watu walewale waliokwisha kugawanywa, ameliwa. Lazima alete watu wapya kituoni.

Na watu wapya ni akina nani mwaka huu? Mimi nawaona. Wamekaa mbele yangu.

Kwa hiyo mkiniuliza mgombea fulani ana nafasi gani, nitawajibu kwa kuwauliza: amefika Nyumba ya Mungu yenu? Ameandika karatasi hata moja kwa Kiswahili? Alikuwepo pale mishahara ya watunza wazee ilipokuwa ikijadiliwa, au tumemwona mwezi wa kumi tu, na fulana mpya? Sitamtaja mtu leo, na sitawaambia mchague nani. Mna akili zenu.

Ila nitawaambia yale ambayo sheria ya jimbo hili imewapa, maana wengi hawajui.

Kwanza, na hili nalisema kwa sauti: kama hujawa raia, usijiandikishe na usipige kura. Hata fomu ukiletewa na mtu anayetabasamu, usiitie sahihi. Kadi ya kijani si uraia. Kosa hilo linaweza kukunyima uraia na kukurudisha ulikotoka. Kazi yako wewe ni kuwaamsha walio raia.

Uliye raia, ukisahau kujiandikisha mapema, nenda siku ileile na leseni yenye anwani yako ya sasa. Huna leseni ya namna hiyo, umehama juzi, bili zote ziko kwa jina la mjomba? Jirani aliyejiandikisha katika kata yako anaweza kwenda nawe kituoni, akala kiapo kwamba unaishi pale. Mtu mmoja anaruhusiwa kuwadhamini mpaka watu wanane. Wanane! Ila aliyedhaminiwa hawezi naye kumdhamini mwingine siku hiyo. Fikirieni jengo moja la ghorofa hapa Brooklyn Park, wadhamini watano tu.

Mwajiri wako hawezi kukukata mshahara kwa muda unaokwenda kupiga kura. Ni sheria. Mwambie msimamizi wako mapema, kwa heshima, lakini mwambie. Na aliyetoka gerezani, hata kama bado yuko chini ya uangalizi, tangu Juni 2023 ana haki ya kupiga kura. Tunao vijana wetu wa hivyo, tusiwafiche.

Kabla hatujaanza, mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Mwanangu, nimekula kiapo, cheti ninacho, lakini Kiingereza sikijui na macho hayaoni vizuri. Nitapigaje?" Mama, utaingia na mtu unayemwamini, mtoto wako au jirani, mpaka kwenye kile kibanda, na atakusomea majina kwa Kiswahili. Asiwe mwajiri wako au wakala wake, wala kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Wakikuzuia, usiondoke. Mwite msimamizi wa kituo, umwambie sheria inakuruhusu.

Fomu ziko kwenye meza ya nyuma, karibu na chai. Waliokwisha kujiandikisha waandike majina yao kwenye daftari la bluu, na kata wanayoishi, ili tujue nani anaweza kumdhamini nani. Wenye magari waandike na idadi ya viti. Tuanze na jengo la kwanza, halafu chai.